Uvae nini kwenye orientiringi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi kila mara mtu mpya anapotaka kuingia kwenye mchezo huu, na mengine yanaulizwa hata na wazoefu. Nimeyapanga kuanzia ya msingi mpaka yale ya pembeni. Kama jibu liko sehemu nyingine ntakuelekeza, sitalirudia.

## Mambo ya msingi

Orientiringi yenyewe ikoje, ili nijue navalia kitu gani?

Unapewa ramani iliyochorwa vituo kwa rangi ya zambarau, una dira mkononi, unavitafuta vituo kwa mpangilio na kila kituo kina kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe chenye upande wa sentimita 30. Njia ya kutoka kituo kimoja kwenda kingine unachagua mwenyewe. Sasa hapo kwenye kuchagua njia ndo penye kuamua mavazi yote, maana mkimbiaji wa barabarani anajua lami inapita wapi ila wewe unaweza kujikuta ndani ya kichaka, alafu kwenye kijito cha maji ya magotini, alafu unapanda mawe kwa mikono, yote hayo ndani ya nusu saa na huku macho yako kwenye karatasi.

Mchezo una asili ya jeshini huko Uswidi na Norwei, shindano la kwanza la raia lilifanyika Norwei mwaka 1897. Watu wamekuwa wakichanika suruali kwa muda mrefu sana, kwa hiyo mengi ya hapa chini yameshajaribiwa.

Lazima ninunue nguo maalumu?

Hapana. Suruali ndefu nyepesi, fulana ya mazoezi, soksi ndefu na raba zenye soli yenye meno vinatosha kabisa kuanzia, na watu wengi vitu hivyo wanavyo tayari kabatini. Chagua vile ambavyo hutolia vikichanika.

Kitu kimoja tu nakukataza, nacho ni jinzi. Ikilowa inakuwa nzito, inang'ang'ania magoti, haikauki, na ukitaka kuruka gogo unagundua mguu haunyanyuki. Hata ile ya kunyumbulika bado ni pamba ndani yake, na habari za pamba ziko kwenye sehemu ya nguo za juu.

Nina hela ya kitu kimoja tu, ninunue kipi?

Viatu. Baada ya viatu, kinga ya miguu kuanzia goti kushuka chini. Nguo za juu ndo za mwisho kabisa, japo najua ndo zinazopendeza kwenye picha na ndo watu wanaanza nazo. Fulana yoyote itakupeleka mpaka mwisho, kiatu kinachoteleza hakitakupeleka.

Ntajuaje siku hiyo inahitaji nguo gani kabla sijafika?

Soma tangazo la waandaaji, alafu tafuta ramani ya zamani ya eneo hilo hilo kama ipo. Ramani za orientiringi zina lugha moja dunia nzima: nyeupe ni msitu unaokimbilika vizuri, njano ni sehemu ya wazi, kijani ni mimea inayokupunguzia mwendo, na kadri kijani kinavyokolea ndo kichaka kinavyozidi kuwa kizito. Ukiona karatasi imejaa kijani, valia kama mtu anayeenda kupigana na miiba. Ukiona nyeupe na njano tupu, punguza.

Angalia na skeli, yani ardhi imepunguzwa mara ngapi kwenye karatasi. Ramani ya 1:4000 kwa kawaida ni mbio fupi za mjini au kwenye bustani na kampasi za vyuo, nguo za kukimbilia za kawaida zinatosha. Ramani ya 1:10000 au 1:15000 hiyo ni ya msituni.

## Miguu

Naweza kuvaa kaptula?

Mbio fupi za mjini, vaa tu, hakuna atakayekusumbua. Msituni inategemea waandaaji, maana sehemu nyingi wanataka miguu ifunikwe mpaka chini na wanaweza kukuzuia pale pale kwenye kuanzia, kwa hiyo beba suruali hata kama hali ya hewa inakudanganya.

Watu wanadhani sheria hii ni ya kuogopa mikwaruzo tu. Kuna historia nzito nyuma yake. Uswidi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1960, homa ya ini aina ya B iliwapata mamia ya wachezaji wa orientiringi. Watu walikuwa wanakimbia miguu wazi, wanachanwachanwa na matawi, damu kidogo inabaki huku na kule, alafu baada ya mbio wanaoshana vidonda kwenye maji yale yale ya kuchangia. Baada ya hapo ndo kufunika mwili kukawa sharti, na ugonjwa ukapungua. Kwa hiyo mtu akikwambia funika miguu anakwambia kitu chenye sababu, na ukishamaliza mbio, beseni la kuchangia pia ulikimbie.

Taiti au suruali?

Kwenye sehemu za wazi na msitu msafi, taiti iko poa. Kwenye miiba, suruali ya nailoni nyembamba inashinda bila ubishi. Taiti ina nyuzi za kunyumbulika, mwiba ukishika uzi mmoja, wewe unaenda mbele na uzi unabaki nyuma, unasikia ile *trrr* ndogo kwenye paja, ukija kuangalia nyumbani kuna mstari mweupe kuanzia goti mpaka juu na kesho yake ndo panapotoboka. Nailoni iliyofumwa kwa kubana inateleza juu ya miiba, mwiba haupati pa kushika, na ikilowa inakauka huku unakimbia.

Ila nailoni iwe na ukubwa wa kiasi. Pana sana itakwama kila kwenye tawi, bana sana itapasuka msambani siku ya kwanza unaruka mtaro. Ichuchumalie dukani kabla hujalipa, ni kweli utaonekana kituko ila bora dukani kuliko kwenye kituo cha tatu.

Zile soksi ndefu zenye ngao mbele zina kazi gani?

Zinalinda ugoko. Mbele zina tabaka la mpira au kitambaa kigumu kinachozuia visiki, mawe na miiba ya chini, na pale ndo unapoumia zaidi kwa sababu ukiwa unasoma ramani huoni kilichopo kwenye usawa wa chini ya goti. Wengine wanavaa gaita, yani kile kifuniko tofauti kinachofungwa juu ya soksi ya kawaida, faida yake unakihamisha kutoka suruali moja kwenda nyingine. Mimi napendelea soksi kwa sababu haizunguki mguuni. Huna vyote? Soksi za mpira wa miguu na vile vibao vya ugokoni vinafanya kazi nzuri tu.

Suruali yangu ikilowa inashuka, nifanyeje?

Tafuta yenye kamba kiunoni. Lastiki peke yake haitoshi, maana nailoni ikibeba maji na matope inavutwa chini na wewe mkono mmoja una ramani na mwingine una dira, hamna mkono wa tatu wa kushikilia suruali.

## Viatu

Raba za kawaida za kukimbilia zinafaa?

Za barabarani zinafaa kwa mbio za mjini tu. Soli yake ni laini na tambarare, kwenye majani yaliyolowa au mteremko wa udongo unaenda kama uko kwenye sabuni. Kwa msituni tafuta raba za njia za milimani, zenye meno marefu yaliyoachana kiasi. Meno yaliyobanana sana yanajaa tope na yakishajaa tope ni sawa na huna meno.

Njumu za mpira wa miguu je?

Kwa kuanzia si mbaya, hasa kama ardhi ni laini. Shida iko kwenye mawe na lami, njumu ngumu haishiki mwamba na inaumiza nyayo ukikimbia barabarani. Kama njia yako ina vyote viwili, afadhali raba ya milimani.

Vile viatu vyenye vichuma chini?

Hivyo vina meno ya mpira alafu kila jino, au baadhi, lina ncha ya chuma. Kwenye magogo yaliyolowa, mizizi na mawe yenye kuvu, hakuna kinachovifikia. Kwenye mwamba mkavu au lami vinakwaruza na vinaweza kukuangusha. Mbio za mjini mara nyingi vinakatazwa kabisa kwa sababu vinaharibu sakafu na ngazi za watu, kwa hiyo soma tangazo. Na ukiwa navyo, usiingie navyo ndani kwenye ukumbi wa usajili, utachukiwa na mwenye jengo na waandaaji kwa pamoja.

Ninunue visivyoingiza maji?

Usinunue. Najua inaonekana akili, ila maji ya orientiringi yanaingilia juu, kwenye shingo ya kiatu, pale unapokanyaga kwenye kijito, na yakishaingia kwenye kiatu kisichopitisha maji yanakaa humo humo mpaka nyumbani. Kiatu kizuri kina kitambaa chembamba kinachotema maji ndani ya hatua chache. Mguu utalowa, hilo likubali mapema, cha msingi usibebe ndoo mguuni.

Saizi ipi?

Jaribu ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba hivi, kwa sababu kwenye mteremko mguu unasukumwa mbele na kucha ndo zinalipa. Kisigino kikae bila kupanda na kushuka. Kama kinacheza, malengelenge yatakuja tu hata soksi iwe nzuri vipi.

Kamba za viatu zinafunguka katikati ya mbio!

Tawi dogo linapita kwenye kitanzi cha fundo, unavuta mguu, fundo limeachia. Dawa ni hii: funga fundo mara mbili, chukua masikio yote mawili na ncha za kamba uzilaze juu ya kiatu, alafu zungushia plasta ya kitambaa au gundi ya karatasi pana mara mbili kuzunguka kiatu katikati ya unyayo. Mbio ikiisha unaichana. Wengine wanachomeka masikio chini ya kamba zenyewe, inasaidia kidogo, ila kichaka kikali kitayachomoa.

Nina kifundo kibovu, nivae buti ndefu?

Buti zinaongeza uzito na zinakunyima kuhisi ardhi, na kwenye kukimbia hasara ni kubwa kuliko faida. Wengi wenye vifundo vilivyowahi kuteguka wanafunga tepu ya michezo au wanavaa kile kifunga cha kifundo kinachoingia ndani ya raba. Kama ni jeraha jipya, muone mtaalamu wa mifupa kwanza, ramani itakusubiri. Kama unatembea tu na familia, buti za kutembelea milimani ni sawa kabisa.

## Nguo za juu

Fulana ya pamba ina ubaya gani?

Inakunywa jasho na kukaa nalo. Ukiwa unakimbia huhisi, shida inaanza ukisimama dakika tano kutafuta kituo kisichoonekana, upepo unapita, fulana imelowa imegandana na mgongo, joto lote linakutoka. Poliesta inatoa jasho nje na kukauka. Sufu nyembamba ya merino hata ikilowa bado inakupa joto na haitoi harufu haraka, ila miiba inaitoboa kirahisi na bei yake inauma, kwa hiyo mi ningeiweka ndani, juu nikavaa kitu cha bei poa.

Mikono mirefu au mifupi?

Msituni mirefu, ile nyembamba. Inazuia mikwaruzo, mimea inayowasha, jua na kupe (angalia swali la kupe huko chini). Ukihisi joto unapandisha mpaka kwenye kiwiko, ila fulana fupi huwezi kuirefusha. Mjini vaa unavyotaka.

Mbona wazoefu wanavaa kama wametoka kulala?

Ha, ndo zile suti za nailoni nyembamba, juu na chini, zenye michoro na rangi zinazopiga kelele. Ni kweli zinafanana na pajama na wenyewe wanajua. Zimekaa hivyo kwa sababu nailoni hiyo ni nyepesi, haishiki miiba, inakauka chapu, na rangi za klabu zinawafanya wenzako wakutambue kwa mbali kwenye mbio za kupokezana, pale unapomuona mtu wako anatoka msituni na una sekunde chache za kujiandaa kupokea.

Ukitaka kupendeza na huna suti, mtindo unaokubalika ni rahisi: suruali nyeusi au ya bluu iliyokoza, juu rangi moja kali, soksi ndefu za rangi ya kuchekesha, kitambaa cha kichwani. Nguo nyeupe tupu iache. Itakuwa ya kahawia kabla ya kituo cha pili na haitarudi.

Napata michubuko mapajani na kifuani, inazuilikaje?

Vaselini kabla ya kuanza, sehemu zote zinazosuguana, chuchu zikiwemo kwa wanaume. Nguo ya ndani iwe ya poliesta au nailoni isiyo na mshono mnene kwenye msamba. Kwa wanawake, sidiria ya michezo inayoshika vizuri kwa sababu msituni hukimbii kwa mdundo mmoja, unaruka, unashuka, unakata kona, na sidiria iliyokuwa sawa barabarani inaweza isitoshe huku.

## Kuonekana

Nivae rangi gani ili nionekane?

Jiulize kwanza unataka kuonwa na nani, maana jibu linabadilika. Dereva kwenye barabara unayovuka anakuangalia kwa sekunde moja au mbili. Mtu anayekutafuta umeumia anaangalia kichaka kwa mbali. Mwindaji anaangalia kitu kinachotikisika kwenye majani.

Kwa msituni mchana, chungwa kali, pinki kali na nyekundu kali ndo zinajitenga vizuri na majani. Ile njano ya kijani inayowaka, inayopendwa sana kwenye vesti za barabarani, msituni inaanza kufanana na majani mabichi yaliyopigwa na jua. Sio kwamba haionekani, ila chungwa inaishinda. Na kuna watu hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwa hiyo nguo yenye rangi mbili zinazopingana, mfano chungwa na nyeupe au pinki na bluu, inamfikia kila mtu.

Rangi za kuwaka na riflekta si kitu kimoja?

Hapana, na watu wanachanganya sana. Rangi ya kuwaka inachukua miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga unaoonekana, kwa hiyo mchana na jioni ya magharibi inang'aa, ila usiku kwenye taa za gari ni nguo ya kawaida tu. Riflekta inarudisha mwanga kule ulikotoka, usiku kwenye taa inawaka, mchana haina msaada wowote. Ukimaliza mbio jioni na unarudi kwa miguu barabarani, unahitaji vyote viwili.

Na riflekta iweke kwenye vifundo vya miguu na mikono, sehemu zinazocheza. Dereva akiona vipande viwili vinapanda na kushuka anajua huyo ni mtu anatembea, akiona mraba mmoja umesimama kifuani anaweza kudhani ni kibao cha barabarani.

Na kama ni msimu wa uwindaji?

Kwenye mashindano waandaaji huwa wanaongea na wenye ardhi, hatari kubwa iko kwenye mazoezi ya peke yako. Vaa vesti na kofia ya chungwa kali, vyote, ili uonekane hata ukiinama kichwa kikiwa ndo kiko juu. Wanyama kama swala na paa hawaioni rangi hiyo kama sisi tunavyoiona, ndo maana wawindaji wenyewe wanaivaa. Epuka nyeupe na kahawia, kwa mbali zinafanana na mnyama.

Lakini bendera za vituo ni chungwa, nikivaa chungwa sintawachanganya wenzangu?

Swali zuri na ndio, inatokea, hasa ukisimama nyuma ya majani ukisoma ramani na mwenzako anaona kipande cha chungwa kimetulia. Haikatazwi na inaishia kwenye kicheko. Ukitaka kuwaonea huruma vaa pinki, inaonekana vile vile na hakuna kituo cha pinki.

Nguo za mabaka za kijeshi?

Zimetengenezwa usionekane, na wewe ukivunjika mguu unataka kuonekana. Acha. Kuna nchi pia raia kuvaa hizo ni kosa kisheria.

Filimbi ni sehemu ya mavazi?

Mimi naihesabu hivyo, iwe shingoni au imeshonewa kwenye nguo, kwa sababu kwenye kijani kilichokoza hata pinki haionekani hatua kumi mbele. Waandaaji wengi wa msituni wanailazimisha. Ishara ya kuomba msaada ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia mpaka mtu aje. Ukiisikia ya mwenzako, mbio yako imeishia hapo, unaenda kumsaidia.

## Jua, baridi na mvua

Joto kali, bado nifunike miguu?

Kama waandaaji wanataka, ndio, na nailoni nyembamba ya rangi ya kupauka haichemshi kama unavyoogopa. Juu vaa fulana pana kidogo, kepu nyepesi, paka kinga ya jua kwenye shingo na nyuma ya masikio. Kitambaa cha kichwani kitazuia jasho lisidondokee kwenye ramani na machoni.

Baridi, nivae ngapi?

Ukiwa kwenye kuanzia ukajihisi una baridi kidogo, umevaa sawa. Ukijihisi vizuri kabisa, kuna nguo moja imezidi. Tatizo halisi ni kabla na baada: unasubiri zamu yako, alafu ukimaliza umelowa unasimama kupiga stori na kulinganisha njia na wenzako, na hizo stori haziishi. Beba koti kavu, soksi kavu na kofia kwenye begi, na badilisha kwanza kabla ya stori.

Mvua?

Koti jepesi lisilopitisha maji linalokunjika kuwa kama ngumi. Milimani waandaaji wanaweza kutangaza asubuhi hiyo hiyo kwamba bila koti huanzi, kwa hiyo libebe hata kama mbingu iko safi. Kepu yenye ukingo inasaidia wanaovaa miwani. Ramani iwe ndani ya mfuko wa plastiki unaobana, japo siku hizi nyingi zinachapwa kwenye karatasi zisizoloa.

## Vitu vya mwilini na dira

Kweli nguo inaweza kuharibu dira?

Sumaku iliyoko kwenye nguo inaweza, ndio. Fanya jaribio hili nyumbani: laza dira mezani mpaka sindano itulie, alafu sogeza taratibu klipu ya sumaku ya kushikia namba kifuani, ile inayotumika badala ya pini. Sindano inaanza kutetemeka, inajivuta upande, ukiisogeza zaidi inageuka kabisa. Sasa fikiria unashika dira mbele ya kifua, sumaku nne ziko hapo hapo. Tumia pini za kawaida nne, ni vichuma vidogo ambavyo havisumbui.

Vingine vya kuangalia ni mikanda ya saa inayofunga kwa sumaku, mifuko ya simu yenye sumaku, na pini za sumaku za hijabu. Simu yenyewe ina sumaku kwenye spika. Usiihifadhi dira ikiwa imelala juu ya simu begini, inaweza kugeuza sindano jumla, kaskazini ikawa kusini, na huo mchezo utaujua ukiwa msituni.

Ile chipu ya kielektroniki, unayogusisha kwenye kila kituo ili irekodi kwamba umefika, inavaliwaje?

Kwenye kidole kwa lastiki, kwa kawaida mkono usioshika ramani. Ikiwa lastiki imelegea, zungushia kamba nyembamba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ukiipoteza umepoteza matokeo yote na wengi wanakulipisha.

Nivae glavu, miwani, saa?

Glavu hapana, isipokuwa baridi kali, na hapo vaa nyembamba uliyokata ncha ya kidole gumba kile unachofuatishia njia kwenye ramani. Miwani ya plastiki isiyo na rangi inalinda macho na matawi, na usiku mimi naiona ni muhimu zaidi kuliko hata soksi ndefu. Saa ya GPS sehemu nyingi inaruhusiwa ilimradi isionyeshe ramani na usiitumie kutafutia njia.

## Kesi za pembeni

Mbio za usiku nabadilisha nini?

Tochi ya kichwani na tochi ndogo ya akiba mfukoni. Kaa nayo kichwani nyumbani nusu saa kabla ya siku yenyewe, maana mkanda unaobana vibaya unaumiza kichwa. Betri ukiivaa mgongoni, hakikisha waya unapita ndani ya fulana, ukipita nje tawi litauchomoa na utabaki gizani. Riflekta, angalia sehemu ya kuonekana.

Navaa hijabu, kuna mpangilio mzuri?

Hijabu ya michezo ya kuvaa kwa kuingiza kichwa, isiyo na pini wala kitambaa kinachoning'inia, ncha uzichomeke ndani ya fulana. Rangi kali kichwani ni faida kubwa kwa kuonekana. Badala ya gauni, fulana ndefu mpaka katikati ya paja yenye mpasuo pembeni juu ya suruali ya nailoni inatosha, mpasuo ndo unakuwezesha kuruka. Na pini za sumaku, nimeshasema.

Watoto je?

Rangi kali, filimbi shingoni kwenye kamba inayoachia ikivutwa, suruali isiyoburuza. Usimnunulie kubwa ili akue nayo, ataikanyaga. Nguo za kubadilisha beba seti mbili, maana ya kwanza ataipeleka kwenye dimbwi wakati wewe unajisajili.

Kupe wananitisha, nguo zinasaidia?

Sana. Kupe wanapandia kwenye majani, mara nyingi chini ya usawa wa kiuno, kwa hiyo suruali iingie ndani ya soksi na fulana ndani ya suruali. Suruali ya rangi ya kupauka inakuonyesha kadoa keusi kanakotembea kabla hakajafika ngozini. Kuna dawa ya permethrini ya kupuliza kwenye nguo, ila ni ya nguo tu, usipake ngozini, iache ikauke kabla hujavaa na usiipulize karibu na paka, kwao ni sumu. Dawa za ngozi zenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, zinafanya kazi, ila zinaharibu plastiki, kwa hiyo futa viganja kabla hujashika dira.

Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nywele na nyuma ya masikio. Ukimkuta amejichimbia, mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Baada ya hapo ukipata homa au wekundu unaopanuka kwenye ngozi, nenda hospitali na uwaambie uling'atwa na kupe.

Nafuaje hivi vitu?

Suuza matope kwa maji ya baridi siku hiyo hiyo, alafu fua kawaida bila dawa ya kulainisha nguo, inaziba uwezo wa kutoa jasho. Viatu toa sole za ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti yakilowa, anika kivulini maana jua kali na hita vinaachanisha gundi.

Na kabla hujaenda msitu mwingine, piga brashi soli mpaka udongo wote utoke. Magonjwa ya miti na mbegu za magugu vinasafiri kwenye matope ya viatu, na kuna misitu wanakuwekea brashi na beseni la dawa pale getini, usipite bila kukanyaga humo.